Ghala limejaa, mtoto amedumaa

WENGI wakisikia kwamba nchi fulani ni tajiri na nyingine maskini, hufikiria fedha peke yake. Ni sawa na mkulima kupima mafanikio ya msimu kwa idadi ya magunia, bila kuangalia hali ya watu wanaolala nyumbani kwake.

Mwaka 1990 Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa (UNDP) lilianza kutumia kipimo kingine. Mchumi wa Pakistan, Mahbub ul Haq, akishirikiana na Amartya Sen wa India, alitaka nchi zipimwe kwa mambo matatu: umri ambao mtu anatarajiwa kuishi, elimu na kipato. Katika ripoti ya mwaka 2025, Iceland ilikuwa ya kwanza na Sudan Kusini ya mwisho. Mtoto anayezaliwa Iceland anatarajiwa kuishi zaidi ya miaka 80, wa Sudan Kusini chini ya miaka 60.

Kwa kawaida nchi yenye fedha huwa na afya bora, kwa sababu inamudu maji safi, chanjo, dawa na wauguzi. Hata hivyo, fedha hazigeuki afya zenyewe.

Guinea ya Ikweta ilianza kuvuna mafuta kwa wingi katika miaka ya 1990, na kwa muda mrefu pato lake kwa kila mwananchi lilikuwa juu ya lile la Sri Lanka, nchi ya chai na mpunga. Lakini mtoto wa Sri Lanka anatarajiwa kuishi takriban miaka 77, wakati wa Guinea ya Ikweta ni takriban 64. Tanzania, yenye kipato kidogo kuliko zote mbili, imefikia miaka 67 hivi.

Siri ya Sri Lanka ni matumizi. Ikiwa bado maskini, ilitoa elimu bure tangu miaka ya 1940, ikajenga hospitali za serikali zinazotibu bila malipo, na ikaajiri wakunga wa kuwatembelea wajawazito majumbani.

Hali ya nyumbani

Pengo la namna hiyo lipo pia ndani ya Tanzania. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Iringa ni 57, Njombe na Rukwa ni 50 kila mkoa. Hii ndiyo mikoa inayolisha wengine. Dar es Salaam, inayonunua mahindi yao, iko chini ya wastani wa taifa.

Watoto hao hawakosi ugali. Wanakosa maharage, mayai, maziwa, mboga na matunda. Wakati wa palizi mama hushinda shambani, na mdogo hubaki na dada yake akinyweshwa uji mwepesi. Mavuno yakiuzwa, fedha huenda kwenye deni la mbolea, bati na ada.

Hasara yake ni ya kiuchumi. Siku 1,000 za kwanza, tangu mimba hadi miaka miwili, ndizo zinazojenga mwili na ubongo. Aliyedumaa wakati huo ni vigumu kurudisha yote aliyopoteza: huelewa masomo kwa shida, na akikua kipato chake huwa kidogo. Ni sawa na kupanda mbegu hafifu kwenye shamba zuri.

Cha kufanya

Mkulima anaweza kuanza kabla lori la mnunuzi halijafika: atenge mahindi ya chakula, apande maharage na mboga karibu na nyumba, na afuge kuku ambao baadhi ya mayai yao hayauzwi. Mjamzito aanze kliniki mapema na apunguziwe jembe. Kazi hiyo ni ya baba pia.

Mfanyabiashara naye ana nafasi. Lori linalopanda Nyanda za Juu kufuata mahindi linaweza kupanda na dagaa na karanga, likapata faida safari zote mbili.

Serikali ina wajibu wake wa zahanati na maji. Lakini uamuzi wa fedha za mavuno hupitishwa nyumbani, na hapo ndipo mtoto hupata au hukosa.