Mshenzi Mwenye Nasaba: Basenji, Mbwa Asiyebweka, na Jina Alilopewa

Mwalimu wa mofolojia akikosa swali la mtihani, neno basenji linamtosha. Linaanza na kiambishi ba-, ngeli ya pili, ngeli ya watu walio wengi. Shina lake ni lile lile la mshenzi na washenzi. Lakini katika kamusi za Ulaya na Marekani neno hili linamtaja mnyama, tena mnyama mmoja. Wakiwa wengi, Waingereza na Wafaransa huongeza -s mwishoni, na hapo neno linabeba wingi mara mbili: mmoja wa mbele ambao wao hawauoni, na mmoja wa nyuma ambao ni wao waliouweka.

Mnyama mwenyewe ni mbwa wa kuwinda kutoka Afrika ya Kati, na Kongo ndiko alikochukuliwa kwa sehemu kubwa. Kwa msomaji aliyekulia katika vijiji vya Kasongo au Kabambare, maelezo ya umbo lake hayatakuwa mageni: mbwa mdogo, mwepisi, miguu mirefu kwa kulinganisha na mwili, masikio yaliyosimama, mkia uliojikunja juu ya mgongo kama pete, na makunyanzi katika paji la uso yanayomfanya aonekane ana shaka na kila anachoambiwa. Vipimo rasmi vya mbari hii ni sentimita 43 begani na kilo 11 kwa dume, sentimita 40 na kilo 9.5 kwa jike. Manyoya ni mafupi sana. Rangi huwa nyekundu, nyeusi, nyeusi yenye mabaka ya hudhurungi, au milia, na karibu siku zote kuna nyeupe kifuani, miguuni na kwenye ncha ya mkia.

Tusichanganye mambo, lakini. Si kila mbwa wa kijijini mwenye mkia uliojikunja ni basenji. Basenji wa vitabuni ni mbwa mwenye daftari la nasaba, na mababu zake walioingia katika daftari hilo ni wachache, wengi wao kutoka kaskazini-mashariki ya Kongo na kusini mwa Sudani. Mbwa wetu ni jamaa zake waliobaki nyumbani bila daftari. Tofauti hiyo inafanana na ile ya lugha sanifu na lahaja, na wanaisimu hatuhitaji kukumbushwa ni ipi kati ya hizo mbili iliyotangulia.

Je, ni mbwa wa kuwinda kwa macho? Wataalamu hawamweki mahali pamoja. Shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, FCI, lina kundi la kumi kwa ajili ya mbwa wanaowinda kwa kuona na kukimbia: sloughi wa Afrika ya Kaskazini, azawakh wa Mali na Niger, saluki wa nchi za Waarabu. Basenji hayumo humo. Yumo katika kundi la tano, la mbwa wa aina ya asili. Wamarekani wao wamemweka pamoja na mbwa wa kuwinda kwa jumla, na humruhusu akimbie pamoja na saluki katika mashindano ya kufukuza chambo kinachovutwa kwa kamba. Kwa maoni yangu mgogoro huu unatokana na kutazama mbwa bila kutazama nchi. Saluki amefugwa kwa ajili ya jangwa, ambako swala huonekana kutoka mbali sana na mbio ndiyo kila kitu. Katika msitu na nyasi ndefu, mbwa anayetegemea macho peke yake atalala njaa, na bwana wake pia. Basenji hutumia macho, pua na masikio kwa zamu. Kazi yake mara nyingi si kumkamata mnyama bali kumtoa mafichoni na kumsukuma kwenye wavu, pale wawindaji wanapongoja.

Na hafanyi kazi hiyo kwa kubweka. Ndiyo maana wawindaji humfunga kengele ya mbao shingoni, ili wajue yuko wapi. Watu wengi wakisikia hivyo humwita mbwa bubu, na hapa ndipo istilahi inapodhuru. Basenji si bubu hata kidogo. Zoloto lake lina umbo tofauti na la mbwa wengine, hivyo haliko tayari kwa ule mlio mkali unaorudiwarudiwa ambao tunauita kubweka. Lakini ananguruma, analia, anapiga ukelele, na akifurahi hutoa sauti ya kuimba inayopanda na kushuka ghafla, ambayo wageni wameilinganisha na uimbaji wa wachungaji wa milima ya Alpi. Anaweza hata kubweka mara moja, kisha akanyamaza. Mwanafonolojia angesema kwamba hajakosa sauti, bali amekosa mfululizo. Tofauti hii ina matokeo ya kweli kwa mfugaji: aliyeambiwa kwamba mbwa wake ni bubu hatasikiliza, na mbwa anayenguruma kwa sababu ya maumivu au hofu atapuuzwa mpaka ang'ate.

Mambo mengine mawili humtenga na mbwa wa kawaida. Jike wa mbwa wengi hupata joto mara mbili kwa mwaka. Jike wa basenji, mara moja tu kwa kawaida. Pili, hujilamba na kujisafisha kama paka, na hana ile harufu ya mbwa. Ulinganisho wa jenomu umeiweka mbari hii kati ya matawi yaliyotengana mapema na mbwa wengine wa leo. Kuhusu wale wanaoonyesha picha za makaburi ya Misri na kusema "huyu hapa", nawaomba wakumbuke tunavyofundishwa kuhusu maneno mawili yanayofanana kwa sura: kufanana si nasaba.

Tabia yake inasumbua watu waliozoea mbwa wa kutii. Vitabu vya wafugaji humwita mkaidi. Mimi nadhani neno hilo limechaguliwa na mtu anayetoa amri. Mbwa aliyefugwa kwa vizazi vingi ili aende peke yake porini, mbali na macho ya bwana wake, aamue mwenyewe pa kupita na wakati wa kusukuma mnyama, hawezi kuwa yule anayesubiri kuambiwa kaa ndipo akae. Anaelewa haraka, kisha anapima kama kuna faida. Kumpiga hakusaidii, humfundisha kukaa mbali nawe tu. Kinachofaa ni mafunzo mafupi, kipande cha nyama, na subira. Kwa watu wa nyumbani ana mapenzi. Kwa wageni ni mwangalifu, hujitenga kidogo na kuwatazama.

Matunzo yake yanafuata tabia hiyo. Anahitaji kukimbia kila siku. Akifungiwa peke yake nyumbani hutafuna viatu, godoro, hata mlango. Hupanda ua ambao mbwa mwingine angeutazama tu. Mjini asiachiwe bila kamba, kwa sababu akiona kitu kinachokimbia, kuku, panya au pikipiki, masikio yake hayafanyi kazi tena mpaka mbio ziishe. Mvua haipendi. Manyoya yake hayahitaji zaidi ya kupanguswa. Akitunzwa vizuri huishi miaka 13 au 14.

Ugonjwa wa kuogopwa zaidi katika mbari hii ni ule uitwao Fanconi, wa figo. Figo hushindwa kurudisha mwilini sukari, chumvi na protini zinazopita ndani yake, zote zikatoka na mkojo. Dalili ya kwanza ni mbwa kunywa maji mengi mno na kukojoa mno, na kwa kawaida huonekana akiwa amekwisha fika utu uzima, yaani baada ya watoto wake kuzaliwa. Hapo ndipo ubaya wake: mfugaji aliuzalisha ugonjwa bila kuuona. Siku hizi kuna kipimo cha vinasaba kinachomwonyesha mbebaji kabla hajazalishwa, na wafugaji makini hupima pia sukari kwenye mkojo kila mwezi. Ni ugonjwa wa kurithi, na daftari lenye mababu wachache huurahisishia njia. Kwa mbwa wetu wa vijijini hatari kubwa ni nyingine, kichaa cha mbwa, ambacho chanjo yake hutolewa mbwa akifika miezi mitatu na kurudiwa kama daktari wa mifugo anavyoelekeza. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kutafuta chanjo siku hiyo hiyo. Dalili zikishaanza, hakuna dawa.

Sasa turudi kwenye jina. Kilingala kina usemi mbwa na basenzi, mbwa wa washenzi, na ndio unaotajwa kuwa chanzo cha jina la mbari. Neno la mbwa likaanguka, jina la mwenye mbwa likabaki na kumkalia mnyama. Lakini watu wa kaskazini-mashariki ambao mbwa wao walipelekwa ng'ambo, Wazande na Wamangbetu, hawasemi lugha za Kibantu nyumbani. Kiambishi ba- si chao. Kililetwa na lugha ya askari na watawala. Wao walikuwa wanaotajwa, si wanaotaja.

Na shina je? Hapa ndipo Kasongo inapoingia. Hamed bin Muhammad el Murjebi, Tippu Tip, aliweka makao yake huko katika miaka ya 1870, na njia kutoka Ziwa Tanganyika kwenda Kasongo na Nyangwe ilipita Kabambare. Kwenye njia hiyo watu waligawanywa kwa jozi ya maneno: waungwana na washenzi. Mwungwana alivaa kanzu, alisali, alisema Kiswahili. Mshenzi ni aliyebaki nje. Mgawanyo huo haukuwa wa kabila, kwani mtu wa hapa hapa aliweza kuvuka akawa mwungwana, na wengi walivuka. Lakini mwungwana huyo huyo wa Maniema akifika Unguja angeweza kukuta yeye ndiye anayeitwa mshenzi. Neno lilikuwa kama upeo wa macho: kila unapousogelea, unahama. Lugha yetu yenyewe iliitwa Kingwana kutokana na nusu moja ya jozi ile. Nusu ya pili, naamini, ndiyo iliyosafiri na njia hizo hizo hadi kwenye Kilingala, ikapoteza sh, ambayo Kilingala hakikuwa nayo, na kuchukua ba- badala ya wa-, kama tunavyosikia batu na batoto katika Kiswahili cha Kongo.

Kasongo iliangukia mikononi mwa askari wa Dola Huru ya Kongo mwaka 1893. Jozi ya maneno haikuanguka. Wabelgiji waliirithi wakabadilisha nusu ya juu tu: juu waliwekwa évolués, walioelimika kwa Kifaransa, na basenji wakabaki kuwa watu wa kijijini. Ndani ya utawala huo neno likampata mbwa. Mbwa wa kwanza waliopelekwa Uingereza walionyeshwa kwenye maonyesho ya Crufts mwaka 1895 kwa jina jingine, Congo Terrier, na walikufa kwa ugonjwa wa distempa. Mwaka 1937 Olivia Burn aliwaonyesha wengine Crufts, na tangu hapo jina ni basenji.

Kenya ilipita njia sambamba ikafika kwingine. Huko walowezi wa Kiingereza walichukua shenzi kutoka Kiswahili wakaliita hivyo kila walichokidharau, na mbwa shenzi akawa mbwa asiye na asili, karibu na mbwa koko. Shina moja, mnyama wa aina moja. Mmoja ni tusi mpaka leo. Mwingine ana kitabu chake cha vipimo, na bei yake.

Katika ulimwengu wa waungwana nasaba ilikuwa na uzito mkubwa: fulani bin fulani bin fulani. Leo anayeitwa basenji ndiye mwenye nasaba iliyoandikwa kizazi baada ya kizazi. Na nasaba hiyo ilipoanza kumuua kwa magonjwa ya kurithi, Wamarekani walirudi Zaire mwaka 1987 na 1988, wakachukua mbwa wa vijijini, wale wasio na karatasi, na mwaka 1990 chama chao kikafungua daftari ili waingizwe. Damu ya kuokoa mbari ilitoka kwa wale walioachwa nje.

Inabaki kazi kwetu sisi wa kitivo. Kwa upatanisho wa sarufi hakuna shida: mnyama huchukua a- na wa-, basenji amekuja, basenji wamekuja, na ba- ile ihesabiwe kuwa sehemu ya shina. Kwa maana, sipendekezi jina libadilishwe, limekwisha enea. Ninachoomba ni kwamba orodha zetu za maneno zisiishie kwenye mbwa, neno ambalo linarudi hadi Kibantu cha asili na kwa hiyo halituambii jipya. Anayekwenda likizo Kabambare amuulize mwindaji wa Kibangubangu, na anayekwenda Kasongo amuulize wa Kizimba: kengele ya shingoni inaitwaje? Mbwa anayesukuma kwenye wavu na anayefuata damu, wana jina moja au mawili? Sauti ile ya kuimba ina kitenzi chake, au wanatumia kitenzi cha kulia kwa mtu? Na amri ya kumrudisha ipo, au hakuna aliyewahi kuihitaji?