Mlinzi wa seli asiyejua jina la adui

VIRUSI vipya vinapoingia mwilini, huchukua siku kadhaa, pengine hata wiki mbili, kabla ya kingamwili mahususi za kuvikabili kuundwa. Je, ni nani hulinda lango muda huo wote?

Jawabu limo katika kinga ya asili, ile ambayo binadamu huzaliwa nayo. Kinga hii haijui jina la adui. Huchunguza tu iwapo kuna DNA au RNA iliyoko mahali isipostahili, au yenye umbo lisilo la kawaida.

DNA ya binadamu hukaa ndani ya kiini cha seli, na kiasi kidogo katika mitokondria. Katika ute unaokizunguka kiini, haipaswi kuonekana. Humo ndimo hulinda doria protini iitwayo cGAS, ambayo Profesa Zhijian Chen na wenzake mjini Dallas, Marekani, waliieleza mwaka wa 2013. Inapoinasa DNA, protini hiyo huunda kemikali ndogo ya kuiamsha protini nyingine, STING. Nayo STING huanzisha mlolongo unaoifanya seli kutoa intaferoni, yaani tahadhari kwa seli jirani. Kwa ugunduzi huo, Chen alituzwa Tuzo ya Lasker mwaka wa 2024.

RNA ina walinzi wake. RNA ya binadamu inayobeba maagizo ya kuunda protini huvishwa kofia ya kemikali kwenye ncha. Ncha za RNA ya virusi vya homa ya mafua hazina kofia hiyo, na protini iitwayo RIG-I huzing'amua.

Virusi vya Ukimwi ni vijanja zaidi. Hugeuza RNA yao kuwa DNA, kitendo ambacho kingevifichua mara moja, lakini huifanya kazi hiyo vikiwa vimejisitiri ndani ya ganda lao la protini.

Hata hivyo, cGAS ina udhaifu mkubwa: haisomi kilichoandikwa katika DNA. Ya virusi na ya mwenye mwili kwake ni mamoja. Ndiposa seli huwa na kimeng'enya TREX1, kinachofagia vipande vya DNA vilivyopotea njia. Watoto wanaozaliwa na kasoro katika jeni ya kimeng'enya hicho huweza kupata ugonjwa wa Aicardi-Goutières, unaodhuru ubongo. Dalili zake hufanana mno na za mtoto aliyeambukizwa virusi akiwa tumboni mwa mama. Madaktari wakipima, virusi havipatikani.