Maji ya Chumvi Yaliyotoka Katika Simu

Mwezi Agosti mwaka 2014 ugonjwa wa Ebola ulikuwa umeingia Nigeria. Mara simu za watu zikajaa ujumbe: kunyweni maji ya chumvi, tena myaoge, nanyi hamtaambukizwa. Wengi wakatii. Mwezi huohuo Shirika la Afya Duniani lilitaja taarifa za watu wasiopungua wawili waliokufa kwa kunywa maji hayo. Ebola yenyewe iliua watu 8 katika nchi ile nzima.

Chumvi ikizidi katika damu huvuta maji kutoka katika seli za mwili, na ubongo ndio huumia vibaya. Mwenye shinikizo la damu au figo dhaifu yumo hatarini zaidi.

Je, kwa nini watu wenye akili timamu waliamini? Tusikimbilie kusema ni ujinga. Ugonjwa ulikuwa wa kweli, na wakati ule hapakuwa na chanjo wala dawa iliyoidhinishwa. Mwenye hofu hawezi kukaa bure. Anataka afanye jambo, na chumvi ipo katika kila jiko. Tena chumvi tunaijua: twasukutulia koo, na kidogo tu huingia katika maji ya kumpa mtoto anayeharisha. Uongo uliochanganywa na ukweli humezwa kirahisi.

Halafu mtumaji si mgeni. Ni dada, ni shangazi, ni jirani. Tunampima mtu, habari yenyewe hatuipimi. Ukiletewa na watu watatu unadhani una mashahidi watatu, kumbe wote wameupata mahali pamoja! Wataalamu wa Marekani walionyesha tangu mwaka 1977 kwamba maneno yakirudiwarudiwa huanza kuonekana ya kweli. Na mwaka 2018 wengine waliochunguza mtandao wa Twitter waliona kwamba uongo ulienea haraka na mbali kuliko ukweli, kwa sababu watu wenyewe walipenda kupasha habari mpya za kushangaza.

Mimi mwenyewe, pamoja na stashahada yangu ya uuguzi, niliwahi kuwatumia wanangu ujumbe wa malimau yanayoponya saratani. Binti yangu akaniuliza, "Mama, umeusoma wote?" Sikuwa nimeusoma. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, nikaona neno saratani, nikawahurumia wanangu.

Basi ujumbe ukikuhimiza uutume kwa wote uwapendao kabla ya usiku wa manane, ujue unanyimwa nafasi ya kuuliza. Ulize zahanati kwanza. Kama aliyeutuma ni mzee wako, usimwaibishe mbele ya kikundi. Mpigie simu mzungumze wawili.

Na kama mtu amekwisha kunywa maji ya chumvi nyingi, anatapika, amechanganyikiwa au haamki vizuri, msimlazimishe kunywa kitu kingine. Mleteni hospitali upesi, na simu yenye ujumbe ule mje nayo, tuone aliambiwa atie chumvi kiasi gani.