Supachaja au turbo? Ukipanda Kisii ndipo utakapojua

Kijana mmoja mtaani kwetu, hapa Mombasa, ana Toyota 86. Ameoa Nyamira, na kila Disemba humpakia mke na mtoto, wakapanda bara kwenda ukweni. Juzi baada ya Isha alinijia na swali. "Ami, gari huwa zito sana kule milimani. Pesa nimeshaweka. Nitie supachaja au nitie turbo?"

Nilimwambia kwamba jawabu lipo, ila halianzii kwenye duka la spea. Linaanzia kwenye hewa.

Injini hupumua. Petroli haiungui bila hewa, na hewa ikiwa chache nguvu nayo hupungua. Sisi huku tuko usawa wa bahari. Mji wa Kisii uko karibu mita 1,700 juu yetu, na baadhi ya vilima vya Nyamira huvuka mita 2,000. Kwenye mita 1,700 mgandamizo wa hewa huwa pungufu kwa karibu asilimia 18 kuliko hapa Mombasa. Toyota 86 ilipotoka mwaka 2012 ilikuwa na injini ya lita 2 yenye nguvu za farasi 200. Ukiifikisha Kisii, hesabu kama 165 hivi. Gari halina ugonjwa, wala fundi hajakuibia. Limekosa pumzi tu.

Supachaja na turbo zina kazi moja, nayo ni kusukuma hewa ndani ya injini kwa nguvu. Tofauti ni kile kinachoizungusha pampu. Supachaja huzungushwa na mkanda unaotoka kwenye kranki ya injini yenyewe. Ukikanyaga mafuta, inaitikia papo hapo. Wenye Mercedes zilizoandikwa Kompressor wanaijua raha hiyo, maana hilo ni neno la Kijerumani la supachaja. Hasara yake ni kwamba inakula sehemu ya nguvu za injini ili izunguke. Turbo huzungushwa na moshi wa ekzosi ambao ungepotea bure. Hiyo ni faida, lakini ni lazima moshi uwe mwingi kwanza, kwa hiyo ukikanyaga mafuta unangoja kidogo kabla ya kusukumwa. Wenye Subaru za turbo wanaufahamu mngojo huo.

Sasa tupande mlima. Supachaja imefungwa kwa mkanda, na mkanda haujui uko Nyali au Keroka. Mzunguko wa injini ukiwa ule ule, nayo itazunguka vile vile. Ikipewa hewa pungufu kwa asilimia 18, itatoa hewa pungufu kwa kiasi hicho hicho. Nguvu utakazozipata Kisii zitakuwa nyingi kuliko za injini tupu, lakini bado utaacha sehemu yake pwani. Turbo haina mkanda wa kuifunga. Kompyuta ya gari ikiona mgandamizo umeshuka, inaweza kuiacha izunguke kasi zaidi mpaka kiasi kikubwa cha pengo lile kizibwe. Kuna kikomo, maana turbo ikizungushwa kupita uwezo wake hufa. Lakini turbo iliyochaguliwa vizuri hupoteza kidogo sana.

Kenya ilishaziona mbili hizi zikishindana. Katika Safari Rally ya 1986, Toyota Celica za turbo zilichukua nafasi ya kwanza na ya pili, Björn Waldegård akiwa mbele. Wa tatu alikuwa Markku Alén na Lancia 037 yenye supachaja. Sisemi supachaja ndiyo iliyomnyima ushindi, kwani Safari ya enzi zile ilikuwa na mawe, matope na mengine mengi. Lakini Lancia wenyewe wakati huo walikuwa tayari na Delta S4, gari lenye supachaja ya kuvuta mwanzo na turbo ya kumalizia. Walijua kila moja ina upungufu wake.

Kijana akaruka. "Basi niweke turbo mbili!" Nikamwambia apunguze mwendo. Subaru Legacy za zamani zilikuwa nazo mbili, moja ikianza mapema na ya pili ikifuata mzunguko ukipanda, na wenyewe walilalamikia pengo la nguvu katikati. Mabomba ni mengi, joto ni jingi, na gharama ya fundi ni maradufu. Kwa injini ya lita 2, turbo moja ndogo inatosha. Ndogo huamka upesi, na kona za Keumbu na Keroka hazitaki turbo kubwa inayoamka ukiwa umeshaimaliza kona.

Kama gari lako halivuki Mariakani, supachaja ni chaguo zuri, hasa kwenye foleni zetu za kwenda na kusimama. Lakini kwa anayepanda kwa wakwe kila mwaka, mimi nasema turbo.

Yapo mambo mawili ambayo muuza spea hatakwambia. Kwanza, injini ya Toyota 86 inabana hewa mara 12.5, ambayo ni nyingi. Ukiiongezea msukumo mkubwa, mchanganyiko huwaka kabla ya wakati na pistoni hutoboka. Joto la Mombasa wakati wa kaskazi huzidisha hatari hiyo. Kwa hiyo weka msukumo mdogo na kipoza hewa kizuri, kompyuta ipangwe upya na fundi anayeijua kazi hiyo, na oili ibadilishwe mapema. Ukimaliza mlima, acha injini ingurume taratibu dakika moja au mbili kabla ya kuizima, turbo ipoe. Kampuni ya bima nayo iambiwe, yasije yakakukuta makubwa ukaambiwa gari si lile lililoandikwa.

La pili ndilo lililonifanya niandike haya. Kila mlima unaoupanda utaushuka. Kisii na Nyamira mvua hunyesha karibu mwaka mzima, barabara zimejaa bodaboda, watoto wa shule na akina mama wenye ndizi kando ya lami. Turbo haisimamishi gari. Nilimwambia kijana kwamba katika pesa aliyoweka, fungu la kwanza liende kwenye breki na matairi, na turbo inunuliwe kwa kitakachobaki.

Hakufurahi. Lakini wiki hii nimemwona kwa fundi, magurudumu yote manne yakiwa chini, wanafunga breki mpya.