Mpanda Ngazi Hushuka: Hatari na Fikra za Mpanda Miamba Asiyetumia Kamba

Wahenga waliponena kuwa mpanda ngazi hushuka, waliwaonya wenye vyeo na kiburi. Hata hivyo, methali hiyo ina maana ya waziwazi kwa watu wachache ambao huparamia majabali marefu bila kamba wala kifaa chochote cha kuwazuia wasianguke. Makala haya yanafafanua hatari ya upandaji huo na fikra zinazouongoza.

Kwanza, ni muhimu kutofautisha aina mbili za upandaji. Mpanda miamba wa kawaida hujikweza kwa nguvu za vidole na miguu yake, lakini hufungwa kamba inayopitishwa katika vyuma vilivyokazwa kwenye mwamba, huku mwenzake akiishikilia. Akiteleza, kamba humdaka. Asiyetumia kamba huwa na viatu vyembamba vya mpira na mfuko wa unga mweupe wa kukaushia jasho la viganja, basi. Akiteleza mita 30 juu, kimo cha jengo la ghorofa 10 hivi, hufika chini kwa takriban sekunde mbili na nusu, kwa kasi inayokaribia kilomita 90 kwa saa.

Neno hatari lenyewe linahitaji kuchanganuliwa. Katika mazungumzo ya kila siku hubeba dhana mbili: uwezekano wa jambo baya kutokea, na ukubwa wa madhara likitokea. Ubao wenye upana wa futi moja ukilazwa sakafuni, karibu kila mtu mzima huutembea bila kuyumba. Ubao uo huo ukitandazwa baina ya mapaa mawili, magoti hutetemeka. Upana haukubadilika, kilichobadilika ni gharama ya kukosea. Mpanda miamba asiyetumia kamba hawezi kuipunguza gharama hiyo hata chembe. Awezalo ni kupunguza uwezekano wa kukosea, na njia ya kufanya hivyo ni mazoezi.

Mfano bora ni Alex Honnold, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1985. Tarehe 3 Juni 2017 aliukwea mwamba wa El Capitan katika bonde la Yosemite, California, peke yake, bila kamba. Mwamba huo una kimo cha takriban mita 900, naye alifika kileleni kwa saa 3 na dakika 56. Waliotazama filamu ya Free Solo, iliyotuzwa Oscar mwaka 2019, aghalabu hukumbuka saa hizo chache. Kinachosahaulika ni kazi iliyotangulia. Honnold aliipanda njia hiyo mara nyingi akiwa na kamba, akaisugua na kuisafisha, akahifadhi kichwani pahali pa kila kidole na kila unyayo. Sehemu ngumu kuliko zote, iliyo zaidi ya mita 500 juu, aliikariri kama mwanafunzi akaririvyo shairi.

Je, mtu kama huyo hana hofu? Mwaka 2016 ubongo wake ulipigwa picha akionyeshwa taswira za kutisha. Amigdala, sehemu ya ubongo inayohusika na hofu, haikuonyesha msisimko uliotarajiwa. Wapo waliohitimisha kuwa hofu hakuumbiwa. Waama, tukio la Novemba mwaka uo huo linawapinga. Alianza kuupanda El Capitan kabla ya mapambazuko, huku wapiga picha wamekwisha kujipanga. Kabla ya saa moja kuisha alihisi mambo hayakumkalia sawa, akasitisha safari na kurudi chini. Asiyejua hofu hana sababu ya kurudi. Honnold aliisikia hofu yake, akaitii.

Fikra hii si ngeni. Paul Preuss, mpanda milima wa Austria, alishikilia kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia kwamba mtu asipande pahali asipoweza kushuka kwa uwezo wake mwenyewe. Hata hivyo, kanuni njema si kinga kamili. Preuss alianguka akafa mwaka 1913, akiwa peke yake mlimani, na umri wake miaka 27. John Bachar, mpandaji mashuhuri wa California, alipanda bila kamba kwa miongo kadhaa. Wakati mmoja alitangaza zawadi ya dola 10,000 kwa yeyote ambaye angeweza kumfuata siku nzima, hakuna aliyejitokeza. Tarehe 5 Julai 2009 alianguka na kufa karibu na Mammoth Lakes. Umahiri ulikuwa umepunguza uwezekano. Haukuwa umepunguza gharama.

Hapo ndipo sifa za watazamaji zinapohitaji kupimwa. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mgema, naye mpanda minazi, hupoteza wateja tu. Apandaye mwamba kwa ajili ya makofi hupoteza uhai. Kijana anayekwea mnara ili apigwe picha huona Honnold kileleni, asimwone Honnold yule aliyegeuka gizani mbele ya kamera. Ilhali ujasiri unaofaa kuigwa ni huo wa pili, ambao hauhitaji jabali: kujiandaa kwa bidii, kujipima kwa ukweli, na kukubali kushuka kabla ya kuanguka.