Kimkoba cha Fataki

Watu wakipata mkanda wa askari wa kujitolea wa enzi za ukoloni, hukimbilia bizimu, lile la kulabu yenye umbo la nyoka. Mimi hutafuta kwanza kimkoba kidogo cha ngozi, kama ngumi ya mtoto, upande wa kulia. Ukifunua kifuniko chake mara nyingi utakuta manyoya ya kondoo. Yalizuia fataki, vile vibati vidogo vya kuwashia baruti, zisimwagike mtu akikimbia.

Chukua Cape Town, ambako raia waliunda kikosi chao cha bunduki mwaka 1855. Baada ya ziara ya Prince Alfred mwaka 1867 kikapewa jina lake la Duke of Edinburgh. Bunduki kuu ya Waingereza siku zile ilikuwa Enfield ya mwaka 1853, gobori lenye mifuo ndani ya mtutu. Askari aling'ata karatasi ya risasi, akamimina baruti, akashindilia kwa mdeki, kisha akachopoa fataki na kuipachika. Mkono uliokwisha kuzoea haukutafuta: mkoba mkubwa wa risasi ulikuwa na mahali pake, kimkoba cha fataki mahali pake.

Kuanzia mwaka 1866 Enfield zikageuzwa kwa mtindo wa Jacob Snider. Risasi ikaingia kwa nyuma, fataki ikiwa ndani yake. Kimkoba kikakosa kazi. Lakini usiharakishe kuutaja mwaka wa mkanda kwa alama hiyo moja, maana silaha mpya zilichelewa kufika makoloni.

Ngozi nayo husema. Askari wa kawaida wa miguu walivaa mikanda myeupe. Vikosi vya bunduki vilipenda nyeusi, kwa kuwa asili yao ni kupigana wametawanyika, wakijificha. Ndiyo sababu ofisa alivaa mshipi begani wenye kichwa cha simba, mkufu na filimbi: watu wakiwa mbalimbali, sauti ya mdomo haifiki. Baadaye vyote hivyo vikabaki pambo la gwaride.

Nawasihi wenye mikanda hii: msiipake rangi ya viatu, wala msiuze kimkoba peke yake. Mahali kiliposugua ngozi pana alama iliyofifia, na alama hiyo hulingana na kimkoba kimoja tu.