Mtambo wa Kiwandani na Kitovu cha Mtoto

Wafanyakazi wa viwanda na wajue kwamba mtambo unaowapima mama wajawazito una asili katika kazi za wenzao. Mwezi Julai 1955, Profesa Ian Donald wa Glasgow alikwenda kwenye kiwanda cha Babcock & Wilcox huko Renfrew, akichukua uvimbe uliotolewa matumboni mwa wagonjwa pamoja na pande la nyama ya ng'ombe la kulinganishia. Mafundi wa huko walitumia mawimbi ya sauti, yasiyosikika kwa sikio la mtu, kutafuta kasoro ndani ya vyuma. Donald akaona kwamba mwangwi wa nyama hii si mwangwi wa ile. Mwaka 1958 yeye na wenzake wakayachapa matokeo yao katika jarida la The Lancet.

Tangu hapo mtambo huo umefichua mapacha na makondo yaliyokaa vibaya. Lakini yuko adui mmoja anayeuponyoka hata leo, nao ni ugonjwa wa kitovu kuvimba na kuwaka, ambao waganga huuita funisaitisi. Mara nyingi vijidudu hupanda kutoka ukeni hadi kwenye chupa ya uzazi, na mtoto mwenyewe huingia vitani: chembe nyeupe za damu yake hupenya kuta za mishipa ya kitovu, hata kufika katika ute mzito unaoizunguka. Mama huenda asihisi homa yoyote. Mtoto naye aweza kuzaliwa kabla ya siku zake, au akapata madhara ya ubongo.

Hapo ndipo lilipo shauri lenyewe. Ugonjwa huu huthibitishwa kwa hadubini, mtoto akiwa amekwisha zaliwa. Kwa hiyo wataalamu wamegeukia dalili za pembeni ambazo mtambo waweza kuziona: tezi ya thaimasi ya mtoto iliyosinyaa, mlango wa mfuko wa uzazi uliofupika, machujo yaliyotanda ndani ya maji ya uzazi. Hakuna hata moja inayotosha peke yake. Sindano ya kuchota maji hayo husema zaidi, lakini ina hatari zake, nasi hatuoni kwamba yafaa kuamriwa kwa kila mama.

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilishauri kila mjamzito apimwe kwa mtambo huu mara moja kabla ya wiki 24. Kipimo hicho hakitakionyesha kitovu kinachowaka. Hata hivyo hujulisha umri wa mimba, ili chupa ikipasuka mapema, daktari na mkunga wajue kama mtoto aweza kungojewa tumboni au hana budi kutolewa.